Makochi ya Watu

Mume wangu hamwamini mtu. Naanza na hilo mapema ili baadaye asije mtu akaniambia nimeficha. Mtaani wanamwita Ngoja Kwanza, na jina hilo hakupewa na adui. Nililianzisha mimi mwenyewe siku moja nimechoka naye, likatoka nje ya mlango na halikurudi tena. Ukimwambia chakula tayari, atasema ngoja kwanza, kisha ataanza kunusa. Muuza maziwa akija, ngoja kwanza, anaitikisa chupa na kuitazama kwenye mwanga. Hata siku alipokuja kuposa, marehemu baba alipomwambia sawa mwanangu, tumekubali, yeye akauliza, "Ngoja kwanza, mzee. Mbona mmekubali haraka hivyo?" Baba alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikitamani kumrushia kiatu.

Kazi yake ni fundi makochi. Mtu analeta kochi limebonyea, springi zinamchoma makalio, mume wangu analifungua lote, anabadilisha sponji, anakaza mbao, analivisha kitambaa kipya. Karakana hana. Anafanyia kazi sebuleni kwetu, kwa hiyo sebule ile tunaiita yetu kwa jina tu. Leo utakuta kochi jekundu la mwenye baa, kesho viti vya kulia vya mwalimu mkuu, na sisi tunapita katikati kwa ubavu. Na katika nyumba hii kulikuwa na sheria moja tu ambayo ilikuwa haijawahi kuvunjwa. Kochi la mteja halikaliwi. Sisi tunakaa kwenye stuli, jikoni. Mgeni akija anakaribishwa jikoni pia, au kwenye ngazi ya mlango kama jiko lina moshi. Yeye mwenyewe analijaribu kochi kwa kiganja na kwa goti, basi. Sijawahi kumwona amelikalia.

Ukimuuliza kwa nini hamwamini mtu, atakujibu, "Mimi nimeona ndani." Maana anayafungua. Nje utaona mahameli inang'aa, ndani amekuta magunia, maboksi, nyasi kavu, siku moja alikuta suruali. Fundi aliyetangulia alichukua hela ya sponji akajaza suruali! Basi kwake yeye dunia nzima ni kochi, na kila anayecheka naye ana suruali ndani.

Kitindamimba wetu ni wa kike. Kaka zake walishaondoka nyumbani, tukabaki naye yeye. Na huyu, tangu alipogusa kompyuta ya shuleni, hakushikika tena. Mwalimu wake wa hesabu alikuwa anamwachia ufunguo wa chumba cha kompyuta, anabaki huko mpaka jioni anaandika programu. Alipotuambia anataka kusomea sayansi ya kompyuta, baba yake aliweka nyundo chini.

"Kompyuta ina sayansi gani? Si unaiwasha tu?"

Binti hakubishana. Aliandika programu kwenye simu. Unaingiza vipimo vya kochi, inakwambia kitambaa kiasi gani kitatosha. Baba yake akaichukua, akasema bahati. Akapima kochi lingine kwa futi, mgongo ametupa ili tusione, akalinganisha, akasema bahati tena. Lakini kuanzia siku hiyo, kabla hajaenda dukani kununua kitambaa, nilikuwa namsikia anamwita binti, "Mama, hebu kiulize hicho kitu chako." Nami nikajua ameshaingia.

Sasa kusoma si kutaka tu. Fundi makochi na mke anayeshonea watu mapazia, tutampeleka chuo gani? Na hata kuomba nafasi kunalipiwa, kila chuo na ada yake ya maombi, kwa hiyo huwezi kuomba kila mahali ukasubiri bahati ikuangukie. Binti alikuja na majina ya vyuo kama kumi. Ilibidi tuyapunguze mpaka yabaki manne. Aliyaandika yote kwenye mlango wa jikoni kwa chaki ya baba yake, ile bapa ya kuwekea alama kwenye kitambaa, na kazi ikaanza.

Na hapa, haki yake nimpe, ule ugonjwa wake wa kutoamini ulitufaa. Binti alikuwa anatazama ada. Anasema, "Baba, hiki ni rahisi, ona ada yake." Baba yake anasema, "Ngoja kwanza. Atalala wapi?" Binti anakwenda kuuliza, anarudi na jibu: kumbe hawana mabweni, na vyumba vya kupanga pale jirani vinakula hela kuliko masomo. Jina linafutwa kwa kitambaa kibichi. Kingine kina bweni. "Ngoja kwanza. Kompyuta ya kusomea ni yao au ni yako?" Ni yako, tena iwe mpya. Linafutwa. Kingine ada ni ndogo mwaka wa kwanza. "Na wa pili?" Inapanda mara mbili. Linafutwa. Mimi nilikuwa nakatakata vitunguu huku nawasikiliza, na nilimwonea huruma mtoto, lakini moyoni nikasema endelea mzee, hapo hapo.

Halafu mume wangu akaanza kuvitembelea. Anavaa shati safi, anachukua sampuli za vitambaa mkononi kama fundi anayetafuta kazi, na getini wanampisha. Akifika ndani hatazami majengo wala bustani. Anatazama viti. Kulikuwa na chuo kimoja cha vioo vitupu, matangazo yake yako kila nguzo, binti alikuwa anakiota. Baba yake alirudi akaenda moja kwa moja mlangoni na kitambaa kibichi.

"Baba! Kimefanya nini?"

"Viti vyao bado viko kwenye nailoni."

"Si vipya?"

"Wamefungua siku nyingi, vumbi limeganda juu ya nailoni. Na kompyuta hazina waya. Nimeinama nikaangalia chini ya meza, hazijaunganishwa popote. Pale hakusomi mtu, pale panapigwa picha."

Siku nyingine alirudi anachekacheka, jambo ambalo lilinitia wasiwasi. Alikuwa ametoka kwenye kachuo kamoja nyuma ya kinu cha unga, umbali wa kutembea kutoka kwetu. "Wanakaa!" akaniambia kabla hata hajavua viatu. "Mke wangu, pale watoto wanakaa! Viti vimechanika, sponji liko nje, mikono ya viti imekuwa myeusi kwa kushikwa. Na mwalimu nimemkuta anagombana na mwanafunzi juu ya kitu kilichoandikwa ubaoni, wote wawili wametoka jasho." Akakiandika kwa chaki na kukipigia mstari chini. Binti alikuwa ananitazama mimi kwa macho ya kuomba msaada. Kachuo kale kananuka pumba, hakana jina, na angekuwa analala nyumbani kwetu na kupishana na makochi ya watu miaka mingine yote. Lakini ada yake tuliweza kuibeba kwa kujibana, kwa hiyo kilibaki, mwisho kabisa wa orodha.

Juu kabisa binti aliandika kile cha ng'ambo ya mto.

Hicho kila mtu anakijua. Na wana ufadhili: mwanafunzi mwenye alama nzuri, anayetoka kwenye familia isiyojiweza, wanamlipia kila kitu. Masomo, bweni, chakula, na kompyuta wanampa. Lo! Mume wangu aliposikia hivyo alisimama.

"Nani amlishe mtoto wa mwenzake bure? Wanataka nini? Figo?"

"Wanataka alama, baba. Alama ninazo."

"Na nini tena?"

Binti alisita. "Wanataka iwe familia isiyojiweza."

Nilimwona usoni. Lile neno lilimwingia. Huyu ni mtu ambaye hata tulipokuwa tunalala na uji alikuwa anatoka nje anachokonoa meno kama aliyekula nyama. "Nani kawaambia mimi sijiwezi?" akauliza, taratibu. Siku kadhaa alikipita kile chuo pale mlangoni bila kukitazama. Mwisho alitia sahihi, shingo upande, baada ya kuisoma karatasi mpaka nyuma ambako hakukuwa na maandishi.

Binti alikubaliwa. Niandikeje furaha ile? Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni mpaka jirani akagonga ukuta. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, ujumbe ulisema chuo kitahakiki hali ya familia kabla ya kutoa ufadhili. Sisi tulidhani watahakiki makaratasi. Tungejuaje kwamba wanatuma mtu, tena bila taarifa?

Sasa niwaeleze na jambo la seremala, maana bila hilo mtamwona mume wangu mwendawazimu. Seremala wa nyumba ya pili alikuwa anatengeneza vitanda uani kwake. Wakaja vijana wawili, wapole, wanatafuta kitanda cha bibi harusi, wanasifu kazi, wanauliza hiki cha nani, kile cha nani, unatengeneza vingapi kwa mwezi. Seremala wa watu akaeleza yote, kifua mbele. Kumbe ni watu wa kodi na leseni. Walimfungia, vifaa wakabeba. Mume wangu alisimama dirishani akaangalia randa za mwenzake zinapakiwa kwenye gari, na tangu siku hiyo alikuwa anafanya kazi mlango umefungwa. Maana yeye pia leseni hakuwa nayo.

Sasa siku yenyewe. Sebule ilikuwa imejaa kuliko kawaida. Wakili mmoja alileta seti nzima ya ngozi, nyeusi, inang'aa unajiona. Mama mwenye maduka ya vipodozi alikuwa na kochi lake la mahameli ya dhahabu lenye miguu iliyochongwa. Vyote vimekwisha kutengenezwa, vinasubiri wenyewe. Binti alikuwa ametoka. Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Yeye alikuwa anapangusa ile ngozi.

"Hodi."

"Nani?"

"Mgeni. Natoka chuoni, kile cha ng'ambo ya mto. Nimekuja kuiona familia ya binti yenu."

Mume wangu, hivi ndivyo alivyonieleza baadaye, alisukuma nyundo chini ya kochi kwa mguu na kujiambia: hawa sasa wamekuwa wajanja, wamejua mpaka habari za mtoto wangu. Tangu lini chuo kikatuma mtu kuja kuangalia sebule ya mtu? Akafungua. Kijana ana shati lililopigwa pasi, kitambulisho shingoni, simu kubwa mkononi ya kuandikia. Ameingia, amesimama katikati, anazungusha macho.

"Mzee, haya makochi ni ya nani?"

"Yangu."

"Yote?"

"Yote. Hapa tunapenda kukaa vizuri."

Kijana akaandika. "Na kazi unafanya gani?"

"Sifanyi. Nimepumzika."

"Mnaishije basi?"

"Wanangu wakubwa wananitumia. Wako nje ya nchi."

Wako nje ya nchi! Mkubwa wetu wakati huo alikuwa anasukuma mkokoteni sokoni, na wa pili alikuwa msaidizi wake. Nami nikaingia na beseni langu, nikamkuta kijana anaelekea mlangoni. Akaniinamishia kichwa kwa adabu. "Hongera mama, nyumba yenu nzuri." Nikasema asante. Ningesema nini? Sikusikia walichoanza nacho.

Mume wangu siku hiyo alikuwa na raha ya ajabu. Alikaa kwenye stuli yake anacheka peke yake. Binti aliporudi akamsimulia mwanzo mpaka mwisho, anaiga na sauti, jinsi alivyompiga chenga mtu wa kodi. "Eti natoka chuoni! Nikasema kwa nani? Kwangu? Thubutu!"

Binti alikuwa bado ameshika mkoba. "Baba. Kitambulisho chake kilikuwa na kamba ya rangi gani?"

"Kijani."

"Kina picha ya daraja?"

Kicheko kilimkauka.  "Kulikuwa na... ndiyo. Kitu kama daraja."

"Ni mtu wa ufadhili," binti akasema. Akaweka mkoba chini polepole kama vile una mayai. Hakulia. Niliyelia ni mimi, nikamwambia mume wangu maneno ambayo sitayarudia hapa.

Asubuhi yake tulikwenda wote watatu. Tulivuka mto, tukauliza, tukapelekwa kwenye chumba kidogo chenye meza mbili, na kijana yule yule alikuwa amekaa nyuma ya mojawapo. Alitutambua. Akasimama, akatupa viti.

"Bwana mdogo," mume wangu akaanza, na akabaki amesimama. "Jana nilikudanganya. Makochi si yangu. Mimi ni fundi. Ni ya wateja."

"Uliniambia umepumzika."

"Nilidanganya."

"Na wanao walioko nje ya nchi?"

"Wanasukuma mkokoteni."

 Kijana hakuwa mkali, na nadhani hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Mzee, jana ulinitazama machoni ukasema yako. Leo unanitazama machoni unasema si yako. Nitajuaje leo ndiyo hudanganyi?"

  Lile swali ni la mume wangu mwenyewe. Ndilo analowauliza muuza maziwa, muuza vitambaa, na mimi mkewe nikichelewa sokoni. Sasa limemrudia.

Kijana akasema atakuja tena, siku hatatuambia.

Tulirudi tukiwa na tumaini. Mimi nilisema basi makochi yabaki pale pale, mgeni akija tuwaite wenyewe waje waseme kwa vinywa vyao. Lakini wewe jaribu kumwambia mtu uendelee kukaa na kochi lake. Dereva wa wakili alikuja na gari. Mume wangu akamwomba, bwana, acha siku chache tu. Dereva akamtazama juu mpaka chini. "Kazi imekwisha, hela umepokea, unang'ang'ania nini? Unataka kubadilisha springi?" Akampigia wakili, na wakili akasema pakia sasa hivi. Mama wa vipodozi naye alisikia, akaja mbio mwenyewe, akalikagua kochi lake la dhahabu kila upande kama mtu anayetafuta kunguni, akaondoka nalo. Mume wangu alisimama mlangoni mikono mitupu. Mtu wa kutoamini watu, na siku aliyohitaji kuaminiwa na watu hakupata hata mmoja.

Kijana alikuja kesho yake. Mbaya ni kwamba sebule ilikuwa nyeupe, haina kochi hata moja. Vipande vya sponji sakafuni, misumari kwenye kopo, na alama nne za miguu ya kochi la dhahabu kwenye vumbi. Binti na mimi tulikuwa tumesimama ukutani. Kijana akaishia mlangoni.

"Ngoja kwanza," akasema. Ndivyo alivyosema, neno kwa neno. "Makochi yako wapi?"

"Wenyewe wamechukua."

"Kabla tu sijaja?"

"Jana. Nilijaribu kuwazuia."

"Nipigie mmoja."

Mume wangu akampigia wakili, akaweka sauti juu. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akampigia mama wa vipodozi. Akapokea, akasikia kuna mtu anauliza habari za kochi, akafoka, "Mimi sijui kochi wala nini, msinitafutie makubwa!" akakata. Na yeye, bila shaka, alidhani ni watu wa kodi.

Kijana alikuna shingo. Akatembea kidogo, akaangalia kopo la misumari, akainama akaokota kipande cha sponji akakibonyeza. Kisha akauliza, "Mzee, nikuulize kama mtu na baba yake. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungeamini?"

Mungu wangu. Nilimkazia macho mume wangu. Nilimwomba kimoyomoyo, danganya. Umedanganya mahali pasipotakiwa, sasa danganya hapa, sema ndiyo, neno moja tu.

Alifikiri. Jasho lilikuwa linamshuka kwenye sikio. "Nisingeamini," akasema.

Binti alifumba macho.

Kijana akatikisa kichwa taratibu, akaandika. Akiwa anatoka akageuka. "Kuna kitu kilinishangaza siku ile ya kwanza. Uliniambia mnapenda kukaa vizuri, makochi yote yale, lakini wewe hukukaa, na mimi hukunikaribisha nikae. Nimeliandika na hilo. Mimi ninaandika tu, mzee. Wanaoamua ni wengine."

Jibu lilikuja kwa simu, maneno machache. Nafasi ya masomo ipo, ufadhili haupo, taarifa za familia zinapingana, ufadhili amepewa mwombaji mwingine. Binti alilisoma mara moja, akainuka, akaenda mlangoni, akaufuta mstari wa juu kwa kiganja chake. Chaki ikambaki mkononi. Viwili vya katikati vilikuwa vimekwisha kumkataa. Palibaki pale chini, penye mstari uliopigwa na baba yake, kachuo ka nyuma ya kinu.

Alianza huko. Anarudi nywele zina vumbi la unga. Masomo yalikuwa mazuri, hilo nalisema, alikuwa ananieleza mambo nisiyoyaelewa huku macho yanamng'aa, na yule mwalimu mgomvi alimpenda. Lakini na baba yake, salamu tu. Habari za asubuhi, baba. Chakula tayari, baba. Hakumtukana wala hakumlaumu, na ningependa amlaumu, kwa sababu mzee alikuwa anakonda. Mimi mwenyewe nilimkasirikia mpaka nikawa nampa chai haina sukari, na alikuwa anainywa bila kusema ngoja kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Akaanza na kitu kingine. Mtu yeyote akibisha hodi, anafungua mwenyewe, mlango wote, na kabla ya salamu anamwambia makochi si yake. Muuza maziwa ameambiwa. Watoto waliokuja kuokota mpira wao wameambiwa. Nikamwambia, baba watoto, utatangaza mpaka wa kodi wasikie. "Wasikie," akasema. "Nitakwenda kukata leseni." Na kweli alikwenda akaikata, ametundika ukutani.

Jumamosi moja mwalimu alimwazima binti kompyuta ya kubeba, kuna kazi alitakiwa amalize. Jikoni nilikuwa nimewasha mkaa, moshi umejaa, na stuli zetu fupi. Akaenda sebuleni. Kulikuwa na kochi la daktari, jeupe, limetoka mkononi siku hiyo hiyo. Binti akalipita, akakaa sakafuni kati ya kochi na ukuta, magoti juu, kompyuta juu ya magoti, vile vile alivyokuwa anakaa tangu yuko mdogo. Baba yake alikuwa anakaza misumari kwenye kiti upande wa pili. Nyundo ikanyamaza.

"Kaa hapo," akamwambia.

"Wapi?"

"Kwenye kochi."

Nikaacha mwiko, nikasogea mlangoni.

"Baba, la watu hilo."

"Najua la watu. Kaa."

Binti akaja akakalia ukingoni, nusu nje nusu ndani, kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

"Kaa mpaka nyuma. Egemea. Springi nimeziweka mimi, hazitakuuma."

Akaegemea. Nilimwona anazama kidogo, mabega yanashuka, na mkono unapapasa kitambaa pembeni bila yeye kujua. Baba yake alimtazama, akataka kusema kitu. Nilijua ni kitu gani, na binti alijua. "Mwanangu," akaanza, na hapo hapo mlango ukagongwa.

"Hodi!"

Akafungua mlango wote. Nje amesimama mtu mwenye kofia na daftari kwapani, msoma mita ya maji.

"Karibu," mume wangu akasema. "Mimi ni fundi. Makochi haya si yangu, ni ya watu. Hata hilo alilokalia mwanangu. Sisi wenyewe hatuna hata moja."

Mtu wa mita akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama binti aliyekaa kwenye kochi jeupe na kompyuta mapajani. Na binti yetu, aliyekuwa hajamchekea baba yake tangu siku ile, akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakukata, na mimi sikuweza kujua tena kipi ni kicheko na kipi si kicheko.

"Mzee," msoma mita akasema, "mimi nimekuja kusoma maji tu."

"Najua," mume wangu akamjibu, mgongo amempa binti yake ili asimwone uso. "Nakwambia tu, ujue."